Sare iliyoshangiliwa kama ubingwa: Kwa nini mashabiki wa India walilia pale The Oval

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Jumatatu ya Agosti 4, 2025. Mohammed Siraj alikimbia, akarusha mpira uliotua miguuni kwa Gus Atkinson, ukapita chini ya gongo na kung'oa kijiti. Uwanja wa The Oval, kusini mwa London, ukalipuka.

India ilikuwa imeifunga England kwa mikimbio 6 tu. Mechi ya siku tano, mamia ya mikimbio kila upande, halafu tofauti ni 6.

Kwenye majukwaa watu wazima walikuwa wanalia huku bendera zikipepea na ngoma zikigongwa. Mumbai, Hyderabad na Delhi, simu zilikuwa zimegandishwa kwenye matokeo tangu asubuhi.

Lakini kuna kitu kimoja kinachowachanganya wengi wasiofuatilia mchezo huu. India haikubeba kombe. Mfululizo wa mechi tano uliisha 2-2. Kwa lugha ya mpira wa miguu, hiyo ni sare, na sare ya ugenini si kitu cha kumtoa mtu machozi.

Sasa walikuwa wanalia nini?

Kwanza, mchezo wenyewe unakwendaje

Kriketi ya Test si ile ya saa tatu yenye muziki na fataki. Ni siku tano. Kila timu inapiga mara mbili, na kazi ya wapinzani ni kuwatoa wapigaji 10. Wakiwatoa kumi, zamu imeisha, maana mmoja anayebaki hana mwenzake wa kukimbia naye.

Mikimbio ni kama magoli, ila yanahesabika kwa mamia. Mpira ukivuka kamba ya mpaka ukiwa chini ni mikimbio 4, ukiipita hewani ni 6. Siku ya tano ikiisha kabla timu ya mwisho haijafikia lengo wala haijatolewa yote, hakuna mshindi. Ndiyo, siku tano na hakuna mshindi. Wenyewe hawaoni tatizo.

England na India walicheza mechi tano za aina hiyo kuanzia Juni 20 hadi Agosti 4. Na zote tano zilifika siku ya tano. Yaani kwa karibu wiki saba shabiki wa India hakupata hata mara moja kuzima simu mapema na kulala akijua jibu.

Timu iliyokuwa haipewi nafasi

Mei 2025, Rohit Sharma na Virat Kohli walistaafu kriketi ya Test ndani ya wiki moja. Ravichandran Ashwin alikuwa ameshaondoka Desemba. Kwa mashabiki wengi wa umri wa miaka ishirini na kitu, hao watatu ndio India yenyewe. Hawajawahi kuijua nyingine.

Unahodha akapewa Shubman Gill, miaka 25. Halafu safari ya kwanza, England.

Leeds wakapoteza, na walipoteza kwa namna inayouma. Wapigaji wa India walifunga mia tano, yaani mara tano mchezaji mmoja alifikisha mikimbio 100 au zaidi, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya katika Test na bado ikafungwa. England walitakiwa kufikia 371 na wakafikia, wakiwa bado na wapigaji watano mkononi.

Birmingham mambo yakageuka. Gill alipiga 269, kisha zamu ya pili akapiga 161. India wakashinda kwa mikimbio 336, ushindi wao wa kwanza kabisa katika uwanja wa Edgbaston. Hadi mfululizo unaisha kijana huyo alikuwa na mikimbio 754. Hakuna nahodha wa India aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika mfululizo mmoja.

Ikawa 1-1. Halafu ikaja Lord's.

Mpira uliojiviringisha

Ili uelewe machozi ya The Oval, lazima uanzie hapa.

Lord's, Julai 14. India walihitaji mikimbio 193. Wakaporomoka, wakabaki na mpigaji wa mwisho, Siraj, ambaye kazi yake ni kurusha, si kupiga. Upande wa pili alikuwepo Ravindra Jadeja, mzoefu, akipiga kwa subira ya mvuvi. Walibakiza mikimbio 46.

Wakaanza kukatakata. Moja hapa, mbili pale. Siraj alicheza mipira 30, akizuia tu, mwili mzima ukiwa nyuma ya gongo. Wahindi waliokuwa uwanjani wakaanza kuamini.

Kisha Shoaib Bashir, mrushaji wa England aliyekuwa anacheza na kidole kilichovunjika, akarusha. Siraj akaucheza vizuri tu, katikati ya gongo. Mpira ukadunda chini, ukarudi nyuma ukiviringika taratibu kuelekea vijiti vyake mwenyewe. Ukagusa. Kipande kidogo cha mbao kikaanguka.

Basi. England wakashinda kwa mikimbio 22. Siraj akachuchumaa, kichwa chini. Joe Root na Zak Crawley, wapinzani wake, walimfuata kumpa pole. Picha hiyo ilizunguka mitandaoni kwa wiki nzima.

Jadeja alibaki na mikimbio 61 bila kutolewa. Ni kama beki aliyecheza mechi ya maisha yake halafu timu ikafungwa kwa goli la kujifunga.

Mkono uliokataliwa

Mechi ya nne, Manchester, India walikuwa kwenye shimo. England walipiga 669. India wakaingia zamu ya pili wakiwa nyuma kwa 311, na katika ova ya kwanza tu, mipira sita ya mwanzo, walipoteza wapigaji wawili kabla hata ya kufunga mkimbio mmoja.

Wengi walifunga simu hapo. Waliokaa waliona Gill akipiga mia, kisha Jadeja na Washington Sundar wakisimama kama mbuyu sehemu kubwa ya siku ya tano.

Zikiwa zimebaki takriban ova 15, nahodha wa England, Ben Stokes, aliwafuata kuwapa mkono. Maana yake: tuache, hakuna mshindi, twende tukapumzike. Jadeja alikuwa na 89, Sundar 80. Wakakataa. Walitaka mia zao.

England walichukia waziwazi, wakaanza kuwarushia mipira ya mzaha. Wote wawili wakapata mia, ndipo mikono ikapeanwa.

Mashabiki waligawanyika vibaya. Wa England waliona ni ubinafsi, mechi imekufa unang'ang'ania takwimu za nini? Wa India wakauliza swali rahisi: mtu aliyekaa juani siku nzima kuokoa nchi yake, nani anampangia saa ya kutoka? Kiukweli kanuni iliwapa India haki ya kuendelea. Hasira ya England ilikuwa ya kuchoka zaidi kuliko ya kanuni.

Lakini kuanzia siku hiyo huu haukuwa tena mfululizo wa kupongezana.

Jumapili ya Siraj

Kwa hiyo hesabu kabla ya The Oval ilikuwa hivi: England 2, India 1, sare moja. India wakishinda, 2-2. Matokeo mengine yoyote, England wanachukua.

England walihitaji 374 zamu ya mwisho. Jumapili, Agosti 3, Harry Brook akiwa na mikimbio 19 tu alipiga mpira juu ukaenda moja kwa moja kwa Siraj karibu na kamba. Siraj akaudaka. Prasidh Krishna, aliyekuwa amerusha, akaanza kushangilia.

Halafu Siraj, mpira ukiwa mkononi, akapiga hatua moja nyuma. Kisigino kikagusa kamba.

Badala ya Brook kutoka, England wakapewa 6. Siraj akafunika uso kwa mikono. Brook akaendelea hadi 111, na pamoja na Root wakaongeza mikimbio 195. Wakati fulani England walikuwa wamebakiza 73 tu huku wapigaji wakiwa tele. Mtandaoni, Siraj alikuwa anachambuliwa kama karanga.

Jioni India wakazinduka, Brook akatoka, Jacob Bethell akatoka, Root naye akatoka baada ya kupiga 105. England wakabaki wanahitaji 35, wakiwa na wapigaji wanne, mmoja wao majeruhi. Hapo hapo mwanga ukafifia, mvua ikanyesha, waamuzi wakaahirisha hadi Jumatatu.

Hapo kuna waliozomea, na unaweza kuwaelewa. Mtu amelipa tiketi ya Jumapili, ameona kila kitu isipokuwa mwisho. Kesho ni siku ya kazi.

Chini ya saa moja

Jumatatu mchezo ulianza saa 7 mchana kwa saa zetu. Mipira miwili ya kwanza, Jamie Overton akapiga 4 na 4. Kutoka 35 ikawa 27. Kimya upande wa India.

Siraj akashika mpira. Jamie Smith, nje. Overton, nje. Prasidh akang'oa vijiti vya Josh Tongue. England walibakiza mikimbio 17 na mtu mmoja wa mwisho.

Atkinson akapiga moja kubwa ikavuka kamba, 6. Ikafika 7 za kushinda. Na hapa ndipo hesabu ilipokuwa kali: 6 nyingine ingefanya mechi iishe kwa mikimbio sawa, na England wangechukua mfululizo 2-1. Pigo moja tu.

Ndipo ukaja ule mpira wa miguuni.

India hawajawahi kushinda Test kwa tofauti ndogo ya mikimbio kuliko hiyo. Siraj alimaliza mechi na wapigaji 9 aliowatoa, mfululizo mzima 23, idadi ambayo hakuna mwingine wa timu yoyote aliyeifikia. Alicheza mechi zote tano na kurusha mipira 1,113.

Baadaye alieleza kwamba asubuhi hiyo alitafuta Google picha ya Cristiano Ronaldo yenye neno la Kiingereza la "amini", akaiweka kwenye kioo cha simu yake. Mashabiki wengi walicheka, kisha wakaweka na wao.

Kwa nini huyu, kwa nini sasa

Baba yake Siraj alikuwa dereva wa bajaji mjini Hyderabad. Alifariki Novemba 2020, wakati mwanawe yuko Australia na timu, chini ya masharti ya korona. Siraj alibaki Australia. Mwezi uliofuata akacheza Test yake ya kwanza, na Januari, mashabiki wachache pale Sydney walimtolea maneno ya ubaguzi.

Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Telangana ilimpa cheo cha polisi, naibu mrakibu, kwa Kiingereza DSP. Tangu hapo utani haukuisha. Akimtoa mpigaji, mashabiki wanaandika kwamba DSP amekamata mtu. Akikosea, wanauliza kama amehongwa. Jumatatu ile hapakuwa na post ya kriketi isiyokuwa na herufi hizo tatu.

Huyu ndiye aliyetolewa na mpira unaoviringika Lord's. Ndiye aliyekanyaga kamba Jumapili. Kama India wangefungwa, watu wangemkumbuka kwa hayo mawili miaka na miaka. Alikuwa amebakiza asubuhi moja ya kuyafuta, na aliyafuta.

Sachin Tendulkar, ambaye jina lake liko kwenye kombe lenyewe, aliandika matokeo ni 2-2 lakini kiwango ni 10 kwa 10. Kohli naye aliwasifu Siraj na Prasidh hadharani.

Wahindi wa London wanashangilia nani?

Anayeona The Oval kwenye picha anaweza kudhani mechi ilikuwa Delhi. Kundi la mashabiki liitwalo Bharat Army lilizaliwa humo humo Uingereza, wakati wa Kombe la Dunia la 1999. Wengi wa waliovaa jezi za bluu walizaliwa Uingereza, wanalipa kodi Uingereza, na wanaongea kama watu wa Birmingham.

Mwaka 1990 mwanasiasa wa chama cha Conservative, Norman Tebbit, alisema wahamiaji wapimwe kwa timu wanayoishangilia kwenye kriketi. Ikaitwa mtihani wa kriketi, na imewakera watoto wa wahamiaji kwa miaka 35. Tebbit alifariki Julai 7, 2025, siku moja baada ya India kushinda Birmingham. Ratiba nayo ina utani wake.

Na sehemu ya hadithi hiyo ni ya kwetu. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Wengine walikuwa wameshatoka Kenya na Tanzania, na mji kama Leicester umejaa familia hizo. Kuna nyumba huko ambako bibi anaongea Kigujarati na Kiswahili, mjukuu anaongea Kiingereza tu, na kitu kinachowakalisha sofa moja ni India ikicheza.

Wakenya nao wanaijua India kwa njia ya machungu. Machi 2003, Durban, nusu fainali ya Kombe la Dunia: Sourav Ganguly alipiga 111 na safari ya Kenya ikaishia pale.

Wanachobishania bado

Kubwa ni Jasprit Bumrah. Anahesabiwa kuwa mrushaji bora duniani, lakini kwa sababu ya mgongo wake alicheza mechi tatu tu kati ya tano. Mechi mbili ambazo hakucheza, Birmingham na The Oval, ndizo India walizoshinda. Kusema ni bora asiwepo ni utani mbaya. Lakini swali la nani anabeba mzigo, nyota anayechagua mechi au Siraj anayecheza zote, ni swali halali, na mashabiki hawaliachi.

Lingine ni jina la kombe. Zamani timu hizi zikikutana England zilishindania kombe la Pataudi, familia iliyotoa manahodha wawili wa India. Mwaka 2025 likawa la Anderson na Tendulkar. Wapo waliosikia vibaya hadi leo.

Na la tatu ni majeruhi. Manchester, Rishabh Pant alivunjika mguu, akarudi siku ya pili akichechemea kwenye ngazi na kufikisha mikimbio 54, Waingereza wakisimama kumpigia makofi. Kocha wa India, Gautam Gambhir, akataka kanuni iruhusu mchezaji wa akiba. Stokes alilikataa wazo hilo kabisa.

Wiki moja baadaye ikawa zamu ya England. Chris Woakes aliteguka bega la kushoto siku ya kwanza pale The Oval. Jumatatu, Tongue alipotolewa, mlango wa ngazi ukafunguliwa na Woakes akatoka, mkono umefungwa shingoni chini ya sweta, gongo kwenye mkono mmoja.

Uwanja mzima ulisimama. Wa bendera ya India wakapiga makofi na wa Barmy Army, kundi kongwe la mashabiki wa England, wakapiga makofi. Woakes alikimbia kumpa Atkinson nafasi ya kuendelea kupiga, na kila hatua ilionekana usoni jinsi bega linavyomla.

Hakuletewa hata mpira mmoja. Mechi ilipoisha wachezaji wa India walimfuata mmoja mmoja, wakimpa mkono upande wa kulia. Kwenye jedwali la matokeo jina lake liko mwisho kabisa: Woakes, hakutolewa, mikimbio 0, mipira 0.